Maisha ya Bibi Cicely Saunders, Aliyewatunza Wanaokaribia Kufa

Neno gumu kuliko yote ambalo jamaa ya mgonjwa hulisikia hospitalini ni hili, ya kwamba hakuna tena la kufanya, basi na wamchukue mgonjwa wao warudi naye nyumbani. Wengi wetu tumewaona watu waliorudishwa hivyo. Mgonjwa hulazwa chumbani, majirani huja kumwangalia na kuketi kimya, naye huugua usiku kucha kwa maumivu. Jamaa zake hawajui kama wampeleke tena hospitali, au wauze ng'ombe wakatafute dawa mbali, au wangoje tu. Mwezi huu nataka kuwasimulia maisha ya mwanamke mmoja wa Uingereza aliyelikataa neno lile siku zake zote. Hakusema kwamba kila mgonjwa ataponywa. Alijua vema ya kuwa wengi hawataponywa. Bali alifundisha ya kwamba, kazi ya kuponya ikikoma, kazi ya kumtunza mtu haijakoma, nayo ina maarifa yake na dawa zake. Jina lake ni Cicely Saunders.

Alizaliwa tarehe 22 Juni 1918 huko Barnet, upande wa kaskazini wa London. Baba yake alifanya kazi ya kuuza na kupangisha nyumba, na mali haikupungua nyumbani mwao. Lakini amani ilipungua, maana baba na mama hawakupatana, na baada ya miaka mingi walitengana. Binti yao alikuwa mrefu kupita wenzake, mwenye haya, na mgongo wake ulikuwa umepinda kidogo, ukamsumbua tangu ujana. Shuleni alijiona kama mgeni kati ya wasichana wengine. Mtu aliyeonja upweke mapema huweza kumtambua upesi mwenzake aliyeachwa peke yake, na jambo hili lilionekana baadaye katika kazi yake.

Mwaka wa 1938 aliingia chuo kikuu cha Oxford kusoma mambo ya utawala na uchumi. Mwaka uliofuata vita ilianza, naye akaona si vema kuketi na vitabu wakati watu wanaumizwa. Mwaka wa 1940 aliacha masomo yale akaenda kujifunza uuguzi katika hospitali ya St Thomas, katika shule iliyoanzishwa na Florence Nightingale. Kazi ile aliipenda sana. Lakini mgongo wake haukuweza kuvumilia kuinua wagonjwa, na alipomaliza mafundisho mwaka wa 1944 madaktari walimkataza kuendelea. Alirudi Oxford, akamaliza masomo aliyoyaacha, kisha akajifunza kazi nyingine ya hospitali, ndiyo kazi ya kuwashauri wagonjwa juu ya mambo ya nyumbani kwao, na fedha, na mahali pa kukaa wakitoka kitandani. Katika miaka hiyo, yaani mwaka wa 1945, alipokuwa mapumzikoni pamoja na rafiki Wakristo, imani ya Kristo ilimshika kwa nguvu, wala haikumwacha tena.

Alipokuwa katika kazi hiyo mpya alikutana na mgonjwa aliyeyageuza maisha yake. Mtu huyo aliitwa David Tasma, Myahudi kutoka Warsaw katika nchi ya Polandi, mwenye umri wa miaka 40. Alikuwa mtumishi wa mezani katika mkahawa, na katika London yote hakuwa na ndugu hata mmoja. Saratani ilikuwa imemshika, wala haikuwezekana kuondolewa. Cicely alimwendea mara nyingi hospitalini, wakaongea juu ya kifo chake bila kufichana. Mgonjwa alihuzunika kwa sababu aliona ameishi bure, wala hataacha alama yo yote duniani. Wakaanza kufikiri pamoja juu ya nyumba ambayo watu kama yeye wangeweza kumalizia siku zao humo, maumivu yao yakitulizwa, na mtu wa kuwasikiliza akiwapo. Tasma alikufa mwezi wa Februari 1948. Akamwachia Cicely paundi 500, akitaka ziwe dirisha katika nyumba ile. Nyumba yenyewe haikuwapo bado. Dirisha lilipatikana kwanza, na nyumba ilifuata baada ya miaka 19.

Cicely hakujenga upesi, maana alijua kwamba huruma bila maarifa haimwondolei mgonjwa maumivu. Akaenda kujitolea jioni katika nyumba ya St Luke's, mahali palipotunzwa maskini waliokaribia kufa. Huko aliona jambo ambalo hakuliona katika hospitali kubwa. Katika hospitali nyingi za siku zile mgonjwa alipewa dawa ya maumivu baada ya maumivu kumzidi, tena baada ya kuomba sana. Waliogopa kwamba akipewa mofini mara kwa mara atakuwa mtumwa wa dawa hiyo. St Luke's waliitoa kwa kinywa, kila baada ya saa nne, kabla maumivu hayajarudi. Na wagonjwa walikuwa watulivu, wakaweza kuongea na jamaa zao. Mwenye busara huezeka nyumba kabla ya mvua kunyesha. Wale waliongoja mpaka mgonjwa alie walikuwa kama watu wanaopanda juu ya paa na nyasi mkononi wakati maji yamekwisha kuingia ndani.

Alitaka jambo hilo lijulikane kila mahali. Lakini daktari mmoja wa kupasua, Norman Barrett, aliyefanya kazi pamoja naye, alimweleza kwamba madaktari hawatamsikiliza mtu asiye daktari, tena ni madaktari hasa wanaowaacha watu wanaokufa. Basi na akasome udaktari. Wakati huo Cicely alikuwa na umri wa miaka 33. Akaanza masomo mwaka wa 1951 pamoja na vijana waliotoka shuleni juzi, akahitimu mwaka wa 1957, akikaribia miaka 39.

Mwaka wa 1958 alianza kazi katika nyumba ya St Joseph's, huko Hackney, mashariki ya London, iliyotunzwa na masista Wakatoliki waliotoka Ireland. Masista walikuwa na upendo na bidii, lakini daktari wa kukaa na wagonjwa wale na kuchunguza maumivu yao hakuwapo. Cicely akaanza utaratibu wa kutoa dawa kwa saa zake. Akamwandikia kila mgonjwa habari zake, maumivu yalianza lini, yamekaa wapi, dawa gani imesaidia na kwa kiasi gani. Katika muda wa miaka saba aliandika habari za wagonjwa zaidi ya elfu moja. Kutokana na kazi hiyo aliweza kuwaonyesha madaktari wenzake ya kuwa mgonjwa wa saratani akipewa mofini kwa kipimo na kwa saa zake, hageuki mlevi, wala haimlazimu kuongezewa dawa siku zote bila mwisho, wala akili yake haipotei.

Hata leo jambo hilo lawatia watu hofu, kwa hiyo na tulieleze wazi. Wako wanaodhani ya kwamba mgonjwa akianzishiwa mofini, basi daktari ameamua kumwua polepole. Sivyo. Kipimo huanza kidogo, hupandishwa kwa uangalifu mpaka maumivu yatulie, na daktari au mwuguzi hufuata hali ya mgonjwa. Ikitolewa hivyo haiharakishi kifo. Usingizi na kichefuchefu huweza kumpata mgonjwa siku za kwanza, na kwa kawaida hupungua. Dawa hii hufunga choo, na shida hiyo haiishi yenyewe. Kwa hiyo apewe pia dawa ya kulainisha tumbo. Wala asipewe na mtu ye yote ila kwa maagizo ya wenye ujuzi.

Lakini katika kuwasikiliza wagonjwa Cicely aligundua ya kuwa dawa peke yake haitoshi. Mwanamke mmoja alipoulizwa juu ya maumivu yake, alianza kwa kusema habari za mgongo, kisha akaeleza kwamba aliona kana kwamba yeye mzima ameharibika. Akataja mume na mwana, ambao wangelazimika kukaa nyumbani kumwuguza na kukosa mshahara. Mwishowe akaeleza ya kuwa aliona dunia yote imemgeuka wala hakuna mtu anayemfahamu. Hapo Cicely alifahamu ya kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa ni mamoja, lakini yana pande nne: upande wa mwili, upande wa moyo na mawazo, upande wa jamaa na riziki, na upande wa roho. Mtu mwenye deni lisilolipwa, au mwenye ugomvi na ndugu yake, au mwenye hofu ya kukutana na Mungu, hata ukimpa dawa nyingi atazidi kuugua. Na mchungaji akija kuomba na mtu ambaye maumivu ya mwili yanamkata, mtu huyo hataweza hata kuyafuata maneno ya sala. Kwa sababu hii daktari, mwuguzi, mchungaji na jamaa ya mgonjwa wanahitajiana.

Katika miaka hiyo huzuni zilimpata yeye mwenyewe. Mwaka wa 1960 alimpenda mgonjwa mmoja wa St Joseph's, naye pia mtu wa Polandi, aliyeitwa Antoni Michniewicz. Mtu huyo alikufa baada ya majuma machache. Mwaka uliofuata baba yake Cicely alikufa. Basi alipoanza kujenga nyumba yake aliwajua wafiwa, maana alikuwa mmoja wao, akaamuru kwamba watu wa nyumba ya marehemu wasisahauliwe baada ya maziko.

Nyumba hiyo ilifunguliwa tarehe 24 Julai 1967 huko Sydenham, kusini ya London, ikaitwa St Christopher's Hospice. Ilikuwa na vitanda 54. Neno hospisi zamani lilikuwa jina la nyumba ya kuwapokea wasafiri na mahujaji, nalo lilifaa. Mlangoni paliwekwa dirisha la David Tasma. Ilijengwa kwa vipawa vya watu, na ingawa msingi wake ulikuwa wa Kikristo, watu wa kila imani walipokewa, hata wasio na imani, wala hakuna aliyelazimishwa kusali. Jamaa waliruhusiwa kukaa na mgonjwa wao, na watoto waliingia. Katika nyumba hiyo hiyo madaktari na wauguzi walifundishwa, na dawa zilichunguzwa. Katika miaka ya 1970 Daktari Robert Twycross alipima humo mofini na dawa nyingine ya jamii yake iliyosifiwa kuwa bora, akaona ya kwamba zikinywewa hazitofautiani kwa jambo kubwa. Tangu hapo ilionekana wazi kwamba mofini ya kawaida, isiyo ya bei kubwa, yatosha.

Mwaka wa 1969 likaongezwa jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko majengo. Wauguzi walianza kutoka na kuwafuata wagonjwa nyumbani mwao, wakiwaletea dawa, na kuwafundisha jamaa namna ya kumgeuza mgonjwa, kumwosha, kusafisha kinywa chake na kuangalia vidonda. Kumbe hospisi si nyumba tu, ni utunzaji, nao waweza kuletwa penye kitanda cha mgonjwa mwenyewe, kati ya watoto wake.

Maarifa haya yalienea. Mwuguzi Florence Wald wa Marekani alikuja kujifunza St Christopher's, kisha akashiriki kuanzisha huduma ya namna hiyo huko Connecticut mwaka wa 1974. Daktari Balfour Mount aliipeleka Montreal, katika nchi ya Kanada, mwaka wa 1975. Katika Afrika ilianza mwaka wa 1979 katika mji unaoitwa sasa Harare. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka wa 1990. Na mwaka wa 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, ambako mofini ya unga huchanganywa na maji ikanywewa, tena kwa gharama ndogo. Mwaka wa 2004 Uganda iliwapa wauguzi waliofundishwa kazi hii ruhusa ya kuiandikia wagonjwa, maana madaktari ni wachache na vijiji ni vingi. Hapa Tanzania hospitali yetu ya Kilutheri ya Selian, huko Arusha, nayo ilianzisha kazi ya kuwafuata wagonjwa wa namna hii majumbani. Siku hizi kazi hiyo huitwa tiba shufaa.

Palikuwa na watu waliotaka sheria iruhusu daktari kumwua mgonjwa anayeteseka, akiomba mwenyewe. Cicely alipingana nao maisha yake yote. Hakuwadharau, maana aliyajua mateso waliyoyaona. Lakini alishikilia ya kwamba mtu akiomba kufa, kwanza na atafutwe anaumwa nini, na nani amemwacha. Pia alikataa kosa la upande wa pili, yaani kumtesa mtu kwa dawa na kupasuliwa kusikoweza tena kumfaa, kwa sababu tu jamaa au daktari hawataki kukiri kwamba mwisho umekaribia.

Alipewa heshima nyingi na serikali ya nchi yake, akaitwa Dame. Mwaka wa 1980, akiwa na umri wa miaka 61, aliolewa na mchoraji wa Kipolandi, Marian Bohusz-Szyszko, aliyekuwa mzee kumpita kwa miaka mingi. Mume wake aliugua na kudhoofika, naye akamtunza mpaka alipofariki mwaka wa 1995. Kisha saratani ikamshika Cicely mwenyewe. Akalazwa katika nyumba aliyoijenga, akatunzwa kwa utaratibu ule ule aliowafundisha wengine, akafariki huko tarehe 14 Julai 2005, mwenye umri wa miaka 87.

Ndugu zangu, kwa nini nimewaandikia haya? Kwa sababu katika sharika zetu watu huchelewa. Huikimbilia huduma ya namna hii mgonjwa akiwa amebakiwa na siku mbili, maana hudhani ya kuwa kuichagua ni kukata tamaa. Mwaka wa 2010 madaktari wa Boston, Marekani, walitoa habari za wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyoenea. Nusu walipewa dawa za saratani tu kwa kawaida. Nusu wakapewa dawa hizo pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo. Hao wa pili waliishi kwa raha zaidi, tena katika kundi lao muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 11 na zaidi, na kwa wenzao ulikuwa karibu miezi 9. Basi kuichagua mapema hakukupunguza siku zao.

Basi wewe mwinjilisti, au wewe mzee wa usharika, ukiitwa katika nyumba ya mgonjwa asiyetazamiwa kupona, usiingie upesi katika sala ya kuagana. Kwanza muulize kama anaumwa, wapi, na kama alilala usiku. Wasaidie jamaa kumwuliza daktari maswali haya: Dawa hii ni ya kuponya, au ya kuongeza siku, au ya kutuliza? Itamletea taabu gani? Mofini hupatikana wapi karibu nasi, na nani ataiangalia? Yuko mwuguzi awezaye kumfuata nyumbani? Kisha muulize mgonjwa mwenyewe, kama angali na nguvu za kusema, ataka kukaa wapi, nani aitwe, na jambo gani halijamalizika kati yake na watu wake. Msiamue juu yake nyuma ya mlango kana kwamba amekwisha kufa. Ikiwa anataka kujua hali yake, aelezwe kweli kwa upole. Ikiwa hataki, asilazimishwe. Na wale wanaomwuguza wasaidiwe na usharika kwa zamu, mmoja achote maji, mwingine akeshe usiku, wapate kulala.

Mambo haya hayataki majengo makubwa wala vyombo vya thamani. Yataka dawa ifikayo kwa saa yake, na watu wasiokimbia. Wazee wa kila usharika na wajue tangu sasa ni hospitali gani iliyo karibu yenye wauguzi wa tiba shufaa, na jina la yule wa kumwendea, ili siku jamaa watakapoambiwa kwamba hakuna tena la kufanya, awepo mtu wa kuwaonyesha njia.